Kachumbari ya Njiani: Safari ya Mombasa Mpaka Lamu

Sisi watu wa bara tunayo desturi moja ambayo kwa miaka mingi sikuiona kuwa ni kosa. Mgeni akibisha hodi, jambo la kwanza tunalojiuliza si kama ana njaa, bali ni kama nyama ipo. Ikiwa haipo, basi twahesabu ya kuwa chakula hakipo, hata kama debe la unga limejaa na bustani nyuma ya nyumba imejaa majani ya kila namna. Mimi mwenyewe nilipata aibu kwa ajili ya desturi hiyo. Baba mkwe wangu alinijia siku moja saa sita ya mchana bila ya kupeleka habari, naye ametoka safari ya mbali. Nikampa chai, nikamtuma kijana sokoni kutafuta nyama ya mbuzi. Kijana akakawia. Ilipofika saa kumi mzee aliangalia jua, akasema kwamba basi la mwisho halimngoji mtu, akachukua kofia yake na bakora yake, akaenda zake na chai tupu tumboni. Nyama ilifika saa kumi na moja. Tuliila sisi wenyewe, wala haikuwa na utamu.

Habari hiyo naitanguliza ili msomaji aelewe kwa nini katika safari yangu ya pwani sikuandika sana habari za majumba na ngome, ambazo wengine wameziandika vizuri kuliko niwezavyo mimi, bali niliandika habari za visahani vidogo vinavyokaa kando ya chakula.

Safari yenyewe niliifanya katika mwezi wa Novemba, wakati wa mvua za vuli, miaka kadhaa kabla ya barabara ya Garsen mpaka Lamu kutiwa lami. Nilikaa Mombasa siku mbili. Asubuhi nilikwenda soko la Marikiti, mahali ambapo harufu ya bizari, iliki na pilipili humpokea mtu kabla hajaingia mlangoni. Humo niliona ya kuwa watu wa Mombasa hununua vitu vya uchungu na ukali kwa uangalifu ule ule tunaotumia sisi kuchagua nyama. Bibi mmoja alizibinya ndimu kumi na mbili moja moja, akachukua tano. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba ndimu yenye ganda jembamba lililo laini ndiyo yenye maji, na ile ngumu yenye ganda nene ni ya kumdanganyia mgeni. Jioni nilikwenda ufukoni kwa Mama Ngina, ambako watu hukaa kutazama meli zikiingia bandarini, nikala muhogo uliotiwa chumvi, pilipili na ndimu. Muhogo ule ule kwetu huliwa na chai, nasi twauita chakula cha shida.

Kuhusu kachumbari, yafaa kusema neno moja juu ya asili yake. Jina hilo ni la Kihindi, na vitu vinavyokaa ndani ya bakuli vimetoka pande zote mbili za dunia. Maembe, matango na ndimu asili yake ni Asia. Nyanya na pilipili tuzijuazo leo zilitoka Amerika, nazo hazikuweza kufika huku kabla ya meli za Wazungu kuanza kuvuka bahari zile kubwa. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na katika karne zilizofuata ndipo mimea ya Amerika, kama vile mahindi, muhogo, papai na pilipili, ilipoenea katika nchi zetu. Kwa hiyo mtu anayekata kitunguu, nyanya, embe bichi na pilipili katika bakuli moja amekusanya safari nyingi kuliko yangu.

Tulitoka Mombasa alfajiri. Sitakawia sana katika njia ya Kilifi na Malindi, kwa maana ni njia nzuri inayojulikana na wengi. Mashamba ya mkonge ya Vipingo, daraja la Kilifi ambalo tangu mwaka 1991 limewaondolea wasafiri taabu ya kivuko, kisha msitu na magofu ya Gede. Kutoka Mombasa hata Malindi ni kadiri ya kilomita 120. Tulivuka mto Sabaki, minazi ikapungua, nchi ikawa tambarare, na mvua ikaanza.

Kupita Garsen kidogo basi letu lilizama katika tope. Dereva na utingo wake walijitahidi kwa majembe na matawi ya miti, na sisi abiria tukasukuma, lakini gurudumu lilizidi kushuka. Ikaonekana wazi ya kuwa hatutatoka hapo mpaka lipatikane trekta. Wengine walibaki ndani ya basi. Sisi tisa, tukiongozwa na bwana mmoja mzee, mwenyeji wa Lamu, tulifuata njia ya miguu mpaka tukaona miembe na nyumba chache za Wapokomo, watu wanaolima kando ya mto Tana.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo. Mume wake alikuwa shambani ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa.

“Shikamoo, mama,” tulisema.

“Marahaba, wanangu. Karibuni ndani, mvua haina mpaka.”

Alitukalisha juu ya mikeka, akaingia jikoni. Pale nilipokaa niliweza kumwona, nami niliujua uso ule. Ulikuwa uso wangu mwenyewe siku ile ya baba mkwe. Watu tisa wamekaa, unga upo, na mboga hakuna. Juu ya dari palining'inia kambare mmoja mkavu, si mkubwa. Katika ungo palikuwa na kitunguu kimoja na nyanya mbili. Nilijiambia moyoni ya kuwa sasa atatuma mtoto dukani, na mtoto atakawia.

Hakutuma mtoto. Alisimama kidogo akivitazama vile vitu, kama fundi anayepima mbao, kisha akamwita binti yake kwa sauti, “Lete mbuzi!”

Hapo niliruka. Nikasema, “La, mama, nakusihi! Usichinje mbuzi kwa ajili yetu. Sisi ni wapita njia tu.”

Wenzangu wote walicheka mpaka wengine wakalala mikekani, na yule mzee wa Lamu akafuta machozi. Binti alitoka amebeba kibao kidogo chenye miguu na ulimi wa chuma wenye meno. Hiyo ndiyo mbuzi ya pwani. Mtu huikalia na kukuna nazi, nayo haina nyama hata kidogo. Mama naye alicheka, na nadhani kicheko kile kilimfaa, kwa kuwa tangu hapo uso wake ulifunguka.

Abiria mmoja, mama aliyekuwa akipeleka mboga Lamu kuuza, alitoa kabeji katika gunia lake. Mwenye nyumba akaikataa. “Mgeni hapiki kwangu,” alisema, wala hakusema kwa mzaha. Ikawa kimya. Ndipo mzee akanena kwa upole kwamba mtu anayeuza huuza popote, na kama kabeji haipokewi bure basi na ibadilishwe kwa maembe mabichi, ambayo huko Lamu yana wateja. Mama akafikiri, akakubali. Maembe kumi yaliingia guniani na kabeji ikaingia jikoni. Mzee mwenyewe alimpa ndimu sita, akisema ya kuwa kikapu chake kimemchosha bega. Sijaona hila nzuri kama zile mbili.

Sasa nitaeleza alichofanya, kwa maana niliomba ruhusa nikasogea mlangoni nikatazama.

Kitunguu alikikata vipande vyembamba sana, hata mwanga ungepita. Akavinyunyizia chumvi, akavifikicha kwa vidole mpaka vikalegea, akavisuuza kwa maji mara mbili na kuvikamua. Alisema kwamba kitunguu kisichooshwa humkalia mgeni kinywani mpaka kesho. Nyanya mbili haziwatoshi watu tisa, kwa hiyo alimenya maembe mabichi matatu, akayakata nyuzi nyuzi, akayachanganya na kitunguu, na nyanya akazitia mwisho ili rangi yake ionekane. Pilipili moja, ndimu moja. Chumvi aliizuia mpaka sima ilipokuwa tayari, kwa sababu chumvi huvuta maji katika nyanya, na kachumbari iliyotiwa chumvi mapema huogelea. Hilo sikulijua, ingawa nimekula kachumbari inayoogelea maisha yangu yote.

Kabeji aliikata nyembamba kama uzi, akaitia chumvi, akaiacha kadiri ya robo saa, kisha akaikamua. Ilipungua ikawa laini, bila ya moto wowote. Akaitia ndimu, basi.

Nazi ilikuwa moja tu. Alipokwisha kuikuna alitenga konzi mbili, akazitwanga kinuni pamoja na pilipili mbichi, chumvi na maji ya ndimu, ikawa chatini nyeupe yenye ukali. Iliyobaki aliikamua, na tui lake akapikia majani ya kunde ambayo binti aliyachuma nyuma ya nyumba huku amejifunika gunia kichwani. Na machicha, yaani yale makapi yaliyokwisha kukamuliwa ambayo kwingine hupewa kuku, hakuyatupa. Aliyakaanga makavu katika chungu pamoja na chumvi mpaka yakawa ya rangi ya kahawia na kunukia. Kambare alimbanika, akamtoa miiba, akamchambua vipande vidogo mno, akavinyunyiza juu ya kunde, kila mtu apate ladha ya samaki hata kama hapati samaki.

Kazi hii yote haikuzidi saa moja. Tuliletewa sima kubwa, ambayo sisi huiita ugali, na kandokando yake visahani vitano. Palikuwa na kitu kichungu cha ukwaka wa embe, kitu kikali, kitu laini chenye mafuta, kitu kikavu chenye kuvunjika menoni, na kile cha kijani kilicho moto. Hakuna aliyeuliza nyama. Mama alisimama mlangoni akitutazama tukila, na sahani zilipokwisha hakuona haya kusema, “Ongezeni sima, ipo.” Neno lile sikuweza kulisema mimi siku ile kwangu, nami nilikuwa na kabeji shamba zima.

Trekta lilipatikana asubuhi. Tulipita Witu, tukafika Mokowe, tukavuka kwa mashua mpaka Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliandikwa miongoni mwa mahali pa urithi wa dunia. Vichochoro vyake ni vyembamba, na mtu mwenye mzigo hana budi kumpisha punda, kwa maana punda hampishi yeye. Yule bwana mzee hakukubali nikalale hotelini. Alinipeleka nyumbani kwake, akamwuliza binti yake pana nini ya kula.

“Hapana kitu, baba,” alijibu kutoka ndani. “Wali na vitu vidogo vidogo tu.”

Vile vitu vidogo vidogo vilipofika nilivihesabu sita. Karibu na sinia ya wali wa nazi na samaki aliyepakwa palikuwa na matango yaliyokatwa ndani ya maziwa ya mgando, chatini ya ukwaju, kachumbari, mchicha, embe la achari, na achari ya ndimu. Hii ya mwisho niliipenda kupita kiasi. Ndimu hupasuliwa nne bila ya kutenganishwa, zikashindiliwa chumvi, zikatiwa chupani na kuanikwa juani siku nyingi mpaka ganda likalainika, kisha ndipo pilipili ikaongezwa. Chupa moja huweza kukaa miezi, na mwenye chupa hiyo hasemi kamwe ya kuwa nyumba haina kitu.

Mzee alinifundisha namna ya kula. Tonge la wali kwanza, na baada yake kipande kidogo cha achari, kisha tena wali. Nilipomwona akifanya hivyo nilikumbuka habari za msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Alipokuwa mgeni Mogadishu aliletewa wali wenye samli na vitoweo juu yake, na kando yake maziwa ya mgando, malimau na pilipili zilizohifadhiwa katika siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe mabichi yaliyotiwa siki. Naye aliandika ya kuwa wenyeji, kila walapo tonge la wali, hufuatisha kitu kimoja cha vile vya chumvi na siki. (Pilipili zile hazikuwa hizi zetu, kwa kuwa zetu zilikuwa bado Amerika.) Mombasa nako aliona ndizi na malimau. Kwa hiyo yule binti wa Lamu aliyesema hapana kitu alikuwa ameweka mezani jambo lenye umri wa karibu miaka 700.

Wenzetu wa pwani, nadhani, wanayo faida moja hata katika lugha. Wao hutenga kitoweo na mboga, na achari na chatini kila moja ina jina lake. Sisi bara kila kinachoshushia ugali twakiita mboga, hata nyama yenyewe, na ndiyo sababu nyama ikikosekana twaona ya kuwa yote yamekosekana.

Hapa sina budi kutia hadhari mbili. Ya kwanza ni juu ya usafi. Mboga iliwayo mbichi haipiti motoni, kwa hiyo maji, kisu, ubao na mikono ndivyo vinavyoilinda. Ioshwe kwa maji safi, na mahali penye habari za kipindupindu yawe maji yaliyochemshwa, au mboga ipikwe. Wako watu wanaosema kwamba ndimu huua kila ugonjwa. Ndimu ni kiungo, si dawa ya maji machafu. Ya pili ni juu ya kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi, na hayafai kabisa kuliwa hivyo. Hutwangwa kwanza na kuchemshwa vizuri kwa muda mrefu, kama akina mama wa pwani wafanyavyo. Pamoja na hayo, yako mema ambayo wataalamu wa afya wameyathibitisha. Maji ya ndimu juu ya kunde au maharagwe huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo, na mafuta kidogo, kama ya tui, huusaidia kupata vitamini A ya majani ya kijani. Yule mama wa Tana alivifanya vyote viwili kwa nazi moja na ndimu sita.

Nilirudi nyumbani na kikapu cha ndimu na mbuzi moja ya kukunia nazi, ambayo watoto wangu waliipanda kama farasi, kwa sababu nazi kwetu ni adimu. Lakini nilipojaribu niliona ya kuwa mengi hayahitaji nazi. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa zafanya kazi ya chatini vizuri sana. Parachichi lililoiva, likipondwa na kitunguu kilichooshwa, chumvi na ndimu, hukaa mahali pa tui. Karoti ikikunwa na kukamuliwa pamoja na kabeji hupendeza macho. Maziwa lala tunayo kila siku, na tango hustawi popote penye maji. Mara ya kwanza nilisahau kuosha kitunguu, nao watoto wakalia. Mara ya pili nilitia chumvi mapema, ikaogelea. Mara ya tatu mke wangu alionja, akala, akanyamaza kwa muda.

Kisha akasema, “Siku ile baba yangu alipokuja, vyote hivi vilikuwa bustanini.”

Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata nilipanda basi kwenda kwa mzee, nikamsalimu, nikamweleza safari yangu yote, tope na kambare na achari, nikamwomba aje kwangu tena, siku yoyote, wala asipeleke habari. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza. Akaiegemeza bakora yake ukutani.

“Nitakuja,” alisema. “Lakini niambie kwanza, ile nyama imekwisha kufika?”